Bahari Iko Upande wa Dereva

Kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikilipwa kuwapangia safari watu nisiowajua, waende mahali nisipopajua. Kazi yenyewe si ngumu. Mteja anatuma ujumbe: siku tano, Mombasa hadi Malindi, wapenzi wawili, au familia yenye watoto, au mabeste sita wanaotaka kula raha bila kufilisika. Mimi naketi kejani kwangu Umoja, nafungua ramani kwenye laptopu, natazama picha za watu waliokwenda, kisha naandika maneno 1,200. Siku ya kwanza Fort Jesus. Siku ya pili Jumba la Mtwana, na chakula cha mchana Kilifi. Siku ya tatu Watamu, kuogelea na samaki. Siku ya nne magofu ya Gede asubuhi, Marafa jioni. Siku ya tano Malindi, nguzo ya Vasco da Gama, kwaheri. Kati ya kituo na kituo naweka sentensi moja ya kupamba: "Endesha polepole huku bahari ikikusindikiza upande wa kulia."

Sentensi hiyo nimeiuza mara kumi na mbili. Wakati huo wote kaskazini mwa Bamburi nilikuwa sijawahi kufika. Mombasa yenyewe niliiona mara moja tu, kidato cha tatu, kwa basi la shule, na nusu ya siku tuliimaliza kwenye foleni ya choo.

Mwezi wa tisa Mum alinipigia simu. Akaanza na kuku, akaenda kwa mvua, ndipo akafika alikokuwa akienda: Mzee amepelekwa kwa daktari wa macho. Ni glakoma, presha ya jicho. Haiumi, na huo ndio ubaya wake. Inakula pembeni kwanza. Mtu anaona mbele vizuri tu, lakini kulia na kushoto kunafifia polepole, mpaka inakuwa kama anatazama dunia kupitia bomba. Kilichopotea hakirudi. Matone ni ya kulinda kilichobaki.

"Ndiyo maana alikuwa anagonga bega kwa fremu ya mlango," Mum alisema. Sote tulikuwa tumemcheka. Tulisema ni uzee.

Kisha akasema Mzee ana ombi moja. Anataka kuiona tena barabara ya Malindi.

Kabla yangu, kabla ya Mum, babangu alikuwa utingo. Wao wenyewe walisema taniboi. Kuanzia mwaka wa 1984 hadi 1990 alipanda lori lililokwenda Malindi na saruji na unga, likarudi Mombasa na korosho na maembe. Kwetu nyumbani hizo hadithi tulizijua kama vile watoto wa watu wengine wanavyojua hadithi za sungura. Lakini hakuna aliyewahi kumuuliza kama angependa kurudi.

Mimi nikasema hiyo ni kazi yangu. Nitapanga.

*

Hapa lazima niseme jambo ambalo mabeste zangu wanalijua na Mzee hakuwa amelisikia kinywani mwangu. Chuo niliacha mwaka wa tatu, nikisomea takwimu. Watu wakiniuliza nasema karo ilishinda, na ni kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba muhula wa mwisho karo ililipwa yote. Mzee aliuza kipande cha shamba. Nami muhula huo mzima sikuingia darasani hata wiki mbili. Nilikuwa chumbani nikiwaandikia watu makala za bei rahisi, nikijidanganya kwamba nitarudi Jumatatu. Nilikaa miezi minane bila kusema kitu. Wazazi walipokuja kujua, walijua kupitia kwa binamu, na tangu hapo hakuna aliyelitaja. Miaka mitatu. Tunaongea mvua, tunaongea kuku.

Kwa hivyo nilipoketi kumpangia Mzee safari, nilipanga kama mtu mwenye deni. Niliweka kila kitu. Vituo vinane, siku nne, rangi tofauti kwa kila siku, saa za kufika na saa za kuondoka. Niliweka mashua ya kwenda kuona samaki. Niliweka Marafa wakati jua linashuka, kwa sababu kila mtu anasema rangi za lile korongo huwa kali saa hizo. Jumapili jioni nikampigia nikamsomea yote, pamoja na ile sentensi yangu ya bahari kusindikiza.

Mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Bahari gani? Hiyo barabara haionangi bahari."

"Ni barabara ya pwani, Baba."

"Ni ya pwani, lakini inapita ndani. Utaiona Nyali, utaiona kidogo Mtwapa, halafu Kilifi. Penye maji yamekata barabara. Kwingine kote ni mkonge, minazi, halafu msitu. Wewe umewahi kuipita?"

Nilinyamaza. Watu kumi na wawili walikuwa wamenilipa.

"Basi futa," akasema. "Tuanze tena."

*

Tuliupanga upya kwa Jumapili tano. Ukitaka kuuiba mpango wetu, uibe, lakini ujue ulipimwa kwa mwili wa mtu mmoja.

Jambo la kwanza lilikuwa kiti. Kwetu dereva huketi kulia. Ukitoka Mombasa kwenda kaskazini, bahari iko kulia, yaani upande wa dereva, na abiria wa mbele anatazama bara. Ukirudi kusini, bahari inahamia upande wa abiria. Sikuwahi kulifikiria hilo, na ramani haiwezi kukuambia. Kwa mtu asiyeona pembeni, hiyo ndiyo tofauti kati ya kuona na kuhadithiwa. Tukaamua kwenda itakuwa ya kusimama na kushuka, na kurudi ndiyo itakuwa ya kutazama.

Jambo la pili lilikuwa mwanga. Mzee gizani haoni karibu kitu, na jua likimpiga usoni pia haoni. Kwa hivyo hakuna kuendesha jioni. Gede, ambayo mipango yote huiweka asubuhi, tuliisukuma hadi saa sita mchana: pale ni msituni, kivuli kipo, na mwanga unaopenya miti huwa mwingi zaidi saa hizo. Marafa tuliikata. Nililalamika, kwa sababu ni mahali pazuri na nimeipamba mara kumi na mbili. Lakini kushuka kwenye lile korongo ni njia za udongo zenye kingo, na machweo ni saa ile ile ambayo macho yake hufunga duka. Magofu ya Mnarani pia yana ngazi nyingi. Tukakata.

La tatu lilikuwa maji. Bahari yetu hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti ya maji hupita mita tatu. Kwenye hori la Mida, karibu na Watamu, maji yakitoka unaona matope, kaa na ndege. Yakiingia unaona ziwa. Ni mahali pamoja na si mahali pamoja. Nilitafuta saa za maji, nikaziandika.

La nne lilikuwa matone: saa moja asubuhi, saa moja jioni, na chupa haipendi joto. Tukanunua kibebeo kidogo cha barafu. Mzee akasema kama kuna barafu, basi na soda iwekwe.

Vituo vinane vikawa vinne, na viwili kati ya hivyo havikuwa kwenye orodha yangu yoyote: penye feri ya zamani Kilifi, na daraja la mto Sabaki. Nilimuuliza Sabaki kuna nini. Akasema, "Utaona."

*

Tuliondoka wiki ya kwanza ya Desemba, kabla bei hazijapanda. Tulichelewa wiki moja kwa sababu tiketi za treni ziliisha. Kumbuka hilo, litarudi. Mum alibaki na kuku, kwa hiari yake, akisema yeye bahari ataiona mbinguni. Mjomba, anayekaa Changamwe, alitukabidhi Probox yake na maonyo kumi na tano. La kumi na tano lilikuwa kwamba breki ni nzuri ila zinataka heshima.

Nyali tulivuka saa mbili asubuhi. Mzee aligeuza kichwa chote kulia, akanipita mimi, akatazama maji kwa kitu kama sekunde nne. Halafu yakaja maduka, matatu, foleni ya kuingia Mtwapa, na baada ya hapo ikawa kama alivyosema: mkonge, mkonge, minazi. Nilijikuta naaibika mbele ya mkonge.

Penye feri ya zamani ni upande wa Mnarani, chini, kabla hujavuka. Barabara ya zamani inateremka na kuishia majini, na daraja liko juu yako, jeupe, likipita kama halikujui. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka wa 1991. Mzee aliacha kazi mwaka mmoja kabla. Hajawahi kulivuka.

Tuliketi na karatasi ya korosho tuliyonunua juu barabarani. Akanionyesha kwa kidole: malori yalipanga hapa, mabasi pale, akina mama wenye korosho na maembe wakipita katikati, feri inajaa, unangoja nyingine. Saa mbili, tatu. Siku mbaya hata tano. Taniboi alilala chini ya lori kwa sababu ndipo palipokuwa na kivuli.

"Dereva anaona mbele tu," alisema. "Pembeni na nyuma ni macho ya taniboi. Lori likirudi nyuma, ni wewe. Likipishana na jingine, ni wewe. Mzigo ukilegea, ni wewe." Akatafuna. "Sasa angalia mimi. Nimekuwa dereva."

Alicheka, nami nikacheka, kisha kicheko kikaisha na kukawa kimya. Sijui kwa nini nilichagua hapo. Nilikuwa na siku nne na nilikuwa nimepanga, ndiyo, hata hilo nilikuwa nimelipanga, niliseme Malindi usiku wa mwisho.

"Baba, ule muhula wa mwisho ulionilipia. Sikuwa naingia darasani."

Alichukua korosho nyingine. Ilikuwa imeungua upande mmoja. Akaigeuza, akaila.

"Najua."

"Lile shamba..."

"Lile shamba lilikuwa la mawe." Alitazama maji. "Hasira nilikuwa nayo. Nikasema nitangoja uniambie mwenyewe. Nikangoja. Hata feri haikuwahi kuchelewa hivyo, kijana."

Sikuwa na la kujibu, na nafikiri hakuhitaji jibu. Alikunguta mikono, akanishika bega ili ainuke, na tukapanda kulivuka daraja. Tulipofika katikati alisema, "Kumbe ni dakika moja."

*

Sitawadanganya kwamba baada ya hapo kila kitu kilikwenda sawa. Mida nilikosea. Saa za maji huchelewa kwa karibu dakika hamsini kila siku. Nilikuwa nimeziandika za siku tuliyopaswa kufika, siyo siku tuliyofika, na mimi ndiye niliyesomea takwimu. Nikamwahidi kaa na ndege. Tukakuta maji yamejaa hadi kwenye matawi ya mikoko.

Kuna njia ya mbao na kamba inayopita juu ya mikoko, na hucheza ukiikanyaga. Mzee alifika kama robo ya njia akasimama. Sikuelewa haraka. Kamba za kushikilia ziko pembeni, na pembeni kwake hakuna kitu. Alikuwa anaona ubao mwembamba mbele yake na utupu huku na huku. Nikashika mkono wake nikauweka kwenye kamba ya kulia, kisha wa kushoto kwenye ya kushoto.

"Zipo," nilisema.

"Ungesema mapema."

Tulikwenda hivyo hadi mwisho, mimi nyuma nikimwambia: ubao mmoja umelegea, kulia kuna tawi, sasa kuna kona. Mwisho wa njia aliketi nusu saa akisikiliza maji yakipiga mashina. Kama yangekuwa yametoka, kama nilivyopanga, pasingekuwa na hiyo sauti. Sidai kwamba kosa langu lilikuwa baraka. Kaa ningependa awaone.

Gede ilifaa zaidi, na saa sita ilikuwa saa nzuri. Ule mji ulistawi miaka mia kadhaa kabla watu kuuacha katika karne ya 17, na msitu ukauchukua. Mchimbuaji James Kirkman alianza kuufukua mwaka wa 1948, na mwaka wa 2024 UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kuna kaburi lililochongwa tarehe, mwaka 802 wa Hijria, ambao ni 1399 kwa hesabu zetu. Mimi nilimsomea Mzee haya yote kutoka kwenye simu. Yeye alikuwa akizitazama kuta za mawe ya matumbawe, sehemu moja moja, kichwa kikisogea polepole kama tochi.

"Haya mawe waliyaleta na nini?" aliuliza.

Nilisema sijui. Punda, labda, au mabega.

"Basi kulikuwa na taniboi," akasema, na hapo mji wa kale ukamkolea. Kila ukuta alitaka kujua mzigo wake ulikuwa wa safari ngapi.

*

Siku ya tatu tulipita Malindi mjini bila kusimama, tukaenda kilomita chache zaidi kaskazini hadi daraja la Sabaki. Niliegesha kando. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha bara, na mto ulikuwa umejaa, mpana, mzito, wenye rangi ya chai ya maziwa iliyochemka sana.

Katika mipango yangu kumi na miwili, nimewaonya wateja: epuka fuo za Malindi baada ya mvua, maji huwa machafu. Niliandika hivyo. Machafu.

"Huu unaujua?" Mzee aliuliza.

"Sabaki."

"Sabaki ni jina la hapa. Juu wanauita Galana. Na juu kabisa?"

Na hapo nikaujua, maana jiografia ya darasa la saba haikunitoka yote. Ni Athi. Mto unaopita nyuma ya kwetu, ambao nimeoga nikiwa mtoto na kuchapwa kwa kuoga. Unatoka kwetu bara, unaizunguka Ukambani, unakata Tsavo, unabadilisha jina mara mbili njiani, unakuja kuingia baharini hapa. Ule wekundu si uchafu. Ni mashamba. Kila mvua kubwa tunapolalamika kwamba udongo umebebwa, ni huku unakobebwa.

"Lori letu lilikuwa na Wakamba watatu," alisema. "Tukileta mzigo huku ng'ambo, lazima tusimame. Mmoja wetu alikuwa akiita majina ya watu wa kwao, anauliza mto kama wako salama. Tulikuwa vijana wajinga."

Alitazama muda mrefu. Mto ulikuwa mbele yake moja kwa moja na ulimtosha, haukuhitaji pembeni. Sikupiga picha. Nilitaka, lakini simu ilikuwa kwenye gari, ndani ya barafu, pamoja na matone na soda, kwa sababu ilikuwa imepata moto.

*

Nilirudi Nairobi nikakuta kazi mbili zinaningoja. Moja ilikuwa ileile: siku tano, Mombasa hadi Malindi. Nilitoa ile sentensi. Mahali pake niliandika kwamba barabara haionyeshi bahari isipokuwa penye madaraja. Kwamba anayependa kutazama aketi kushoto wakati wa kurudi. Kwamba uulize saa za maji za siku yenyewe. Kwamba vituo viwili kwa siku vinatosha. Mteja akajibu kwamba ni fupi mno, na haina msisimko. Alilipa nusu. Sawa tu.

Mpango wangu na Mzee umeandikwa kwenye daftari lake, kwa mwandiko wake mkubwa wa siku hizi. Anasema mwakani twende kusini, Gazi na Shimoni. Sijui mwakani bomba litakuwa limebaki na upana gani. Matone anaweka. Mum anahesabu.

Lakini nilitaka kuwaambia kuhusu siku ya kurudi. Tulifika daraja la Kilifi saa nne asubuhi, jua likiwa juu vya kutosha, bahari upande wake kama tulivyopanga. Nilipunguza mwendo hadi ishirini. Aligeuza kichwa kushoto na akakiacha huko. Maji yalikuwa buluu, kisha kijani, kisha penye mlango wa hori mstari mweupe mahali mawimbi yanapovunjika.

"Kulia kuna nini?" aliuliza, bila kugeuka.

"Hori linaingia bara. Kuna mashua zimetia nanga, nyeupe nyingi. Moja ina tanga."

"Nyuma?"

Nilitazama kioo. "Lori. Limebeba mchanga. Limetukaribia sana."

Lori likapiga honi, ndefu. Likapiga tena. Nikaweka mguu kwenye mafuta.

"Usikimbie," Mzee alisema, uso wake ungali baharini. "Mwache apige. Huyo hana taniboi."